Siku Niliyonyamaza Mbele ya Uhamiaji

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Mtito Andei.

Bahati! Watu wa shirika fulani wamekuja kwenye saiba yangu, kiduka cha kompyuta na printa, kuchapisha karatasi mia moja: Haki Zako Mbele ya Maafisa wa Uhamiaji. Nikachapisha mia na moja. Hiyo ya ziada nimeisoma mara nne. Una haki ya kunyamaza. Kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Kuwasiliana na wakili au mtu mwingine. Kufikishwa kortini kabla ya saa ishirini na nne kuisha. Miaka hamsini na miwili mimi Musyimi nimeishi bila kujua nina mali yote hii!

Na najua wa kumsaidia. Tima wa hoteli ya jirani, mjane, mzaliwa wa Tanga. Nakula kwake kila siku, meza ya mlangoni. Kwa miaka mitatu hatujaongea lolote zaidi ya maharagwe na chapati. Wiki hii kuna ukaguzi wa vibali vya wageni. Mwanamke huyu anahitaji mtetezi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemsomea Tima karatasi yote akikanda unga. Akasema asante, kaka Musyimi, lakini hati zake ziko sawa. Maskini, haoni hatari. Munyao wa duka la simu alisikia, akacheka mpaka akashika ukuta. Eti wakili wa maharagwe! Nikamsomea naye, kwa sauti, kipengele cha kunyamaza, ili akitumie.

Mpango ni huu. Maafisa wakija, mimi niulizwe kwanza, Tima aone mtu anavyosimama na haki zake. Kitambulisho nitakiacha nyumbani. Nataka somo liwe la kweli.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamekuja saa tano asubuhi. Wawili, tena wapole, jambo ambalo liliniharibia kidogo. Tima akatoa bahasha ya plastiki: pasipoti, kibali, kila kitu. Dakika mbili! Wakamshukuru, wakaagiza chai. Akatoka kwenda kununua maziwa. Mimi hakuna aliyenitazama. Nikasimama, nikatangaza kwamba sitajibu swali lolote. Hawakuwa wameuliza.

Basi wakauliza. Jina? Kimya. Kitambulisho? Kimya. Raia wa wapi? Kimya zaidi. Afisa mmoja, kwa lafudhi mtu wa Mwingi, akaniuliza kwa Kikamba kama naumwa. Ulimi uliniwasha! Nikajikaza. Akamwambia mwenzake kwamba hata Kikamba sielewi, labda nimetoka mbali. Na mwanafunzi wangu bado yuko kwenye maziwa.

Munyao akaitwa aseme kama ananijua. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Afande, hata mimi niko na haki ya kunyamaza."

Kituoni wakanieleza sababu, kwa lugha ninayoielewa. Wakanipa simu yangu nimpigie yeyote nimtakaye. Haki zote wametimiza, sina hata la kulalamikia. Nikafungua simu. Namba kumi na tisa. Mafundi wa printa wawili. Muuza wino. Rafiki yangu Mulinge, aliyefariki mwaka juzi, nimeshindwa kumfuta. Dada yangu Ndululu wa Mukuyuni, ambaye hatujaongea tangu tumzike mama. Nikampigia yeye. Akashika. Akauliza ni nani. Nikakumbuka nina haki ya kunyamaza. Nikakata.

Niliona aibu, na niliumia. Ile karatasi inasema unaruhusiwa kumpigia mtu. Haisemi ufanye nini kama huna mtu. Nikamrudishia afisa simu, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimemaliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana sikuandika mwisho. Saa kumi na moja jioni Tima aliingia kituoni na kitambulisho changu mkononi. Mwenye nyumba ninayopanga alimfungulia mlango wangu. "Huyu ni kaka Musyimi, jamani! Anakula kwangu kila siku, peke yake, na akimaliza ananipangia viti." Mtanzania akamthibitisha Mkamba ndani ya Makueni! Afisa akaniomba nitembee na kitambulisho, akaniaga kwa Kikamba. Nikamjibu. Akashika kichwa.

Nasikia ni Munyao aliyemkimbilia Tima na habari. Simsamehe.

Njiani Tima aliniuliza kama kweli nyumbani nina kikombe kimoja tu. Nikasema ndiyo. Tukafika kwenye kituo cha petroli. Hapo akachukua simu yangu, akaingiza namba yake. Akasema nikijisikia vibaya peke yangu nipige tu, hata bila sababu. Sasa nina namba ishirini.

Jumapili, 14 Septemba

Sijapiga. Mtu mzima hampigii mwanamke simu bila sababu ya kisheria. Leo baada ya kanisa nilikaribia kumpigia. Niliandika maneno ya kumwambia, kurasa mbili, nikayachapisha. Nikasoma. Nikachana.

Lakini mteja mmoja amenipa habari: Jumatano maafisa watakuwa Sultan Hamud! Nimeshapanga. Nitafika mapema, niingie hoteli ya kwanza, niagize chai, ninyamaze. Kitambulisho nimekishona ndani ya godoro, wasije wakakipata upesi. Watanipeleka kituoni. Wataniuliza kama kuna mtu ningependa kumpigia.

Nitawaambia yupo.