Kwa Nini Odelin Alifungulia Bwawa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Odelin amefungulia bwawa. Nimekaa mbele ya tivii nusu saa nzima, pedi ya gemu mkononi, mdomo wazi. Mji wote uko chini ya maji. Soko, kanisa, punda wangu. Na aliyefanya hivyo si adui. Ni Odelin! Mganga wangu mpole, mwenzangu wa safari tangu gemu inaanza. Anabeba mizigo yangu, ananifunga vidonda, anaomba samahani hata nikimkanyaga mimi. Tumetembea pamoja saa thelathini. Sijawahi kumkosea.

Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nimewafukuza.

Mchana ikaja habari nyingine. Hezron wa Bunda, mwenye kibanda cha gemu kama changu ila chake kina feni, ameandaa mdahalo Jumamosi: kwa nini Odelin alifungulia bwawa. Mshindi atapewa kiti cha kuchambua gemu redioni kila wiki. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hata watu wa huku kwetu Makoko wanakaribishwa, ila waje wamejiandaa. Hata! Kiti hicho ni changu. Sauti ya redio ninayo, marehemu mama alisema.

Binamu yangu Jastin alikuwa anafagia kibanda, akaanza kuniambia kitu kuhusu shamba. Nikamwambia baadaye.

Jumanne, 8 Oktoba

Nadharia zangu mpaka sasa. Moja, Odelin karogwa. Mbili, kuna mwanamke. Tatu, njaa. Ni kweli sijawahi kumwona anakula. Mkate ulikuwa mmoja, nikampa punda, maana punda akifa gemu inakuwa ngumu.

Tatizo ni kwamba sijui Odelin alikuwa anasema nini. Kila tukifika darajani anasimama na kuanza kuongea, maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya tivii. Mimi nabonyeza kitufe cha duara, maongezi yanaruka, safari inaendelea. Mchezaji makini hasikilizi porojo. Lakini Hezron ni mtu wa hila, atauliza. Lazima gemu irudiwe tangu mwanzo na maneno yote ya Odelin yaandikwe daftarini. Saa thelathini! Mimi nina kibanda cha kuendesha. (Anayekiendesha ni Jastin, lakini anakiendesha kwa niaba yangu.)

Nimevuka barabara kutafuta maoni ya Justina anayeuza dagaa. Nimemweleza kisa chote, kituo kwa kituo. Akasema huyo mtu alichoka, basi. Nikamwambia hilo si jibu la kitaalamu. Akaniuliza lile pipa la maji nililokalia alijaza nani. Nikasema Jastin. Sikuona linahusiana vipi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata! Risaga!

Kwetu Butiama kazi ikikuzidi unaitisha risaga. Majirani wanakuja na kulima shamba lako siku nzima, unawapikia, na ikifika zamu yao na wewe unakwenda kulima kwao. Mzee Stanislausi anazo siku za kila nyumba kichwani, hakosei. Nyumba yangu imeshalima kwa watu kumi na moja, kwa hiyo watu kumi na moja wanatakiwa kuja kwangu. Mimi sijashika jembe tangu mwaka wa kipaimara, ila Jastin amekuwa akienda kwa jina langu miaka miwili. Sasa naitisha. Kila mtu atacheza gemu kwa zamu. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Nilipomtuma Jastin akatangaze, alisitasita. Akasema, kaka, zile siku nilizitegemea. Baba mdogo kampa shamba kule Butiama, kwa sharti liwe limelimwa kabla ya Jumapili hii kwa kuwa mvua zimeanza. Lisipolimwa anapewa ndugu yetu Clementi. Na bila shamba, wazazi wa Ghati kule Mugeta hawatakubali amuoe. Akaomba niseme mbele ya Mzee Stanislausi kwamba siku kumi na moja ni zake, maana aliyelima ni yeye. Neno moja tu langu lingetosha.

Jastin ni mtu mzuri lakini anaongea sana. Nikamwambia tutaona baada ya mdahalo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamekuja. Watu kumi na moja juu ya lori la mchanga, na kila mmoja ana jembe.

Mama mkubwa Boke alishuka wa kwanza, akauliza shamba liko wapi. Nikamwonyesha tivii. Mzee Stanislausi akazunguka nyuma ya kibanda kuangalia kama shamba liko huko. Huko kuna choo.

Nikaona bora wale kwanza. Ugali wa muhogo na sato, alipika Jastin. Wakala kwa heshima. Kisha gemu ikaanza (Jastin aliwafungulia rekodi za madarajani tu), na dakika ya tano mjomba mmoja mwenye kiganja kama koleo akabonyeza kitufe cha duara kikazama ndani, hakikurudi. Maana yake maongezi hayaruki tena! Odelin akaongea tangu saa saba mpaka saa kumi na moja jioni. Jastin alikuwa anawatafsiria, huku anaandika. Mimi nilikwenda mjini kutafuta fundi wa pedi.

Niliporudi nikamkuta Mama mkubwa Boke anafuta machozi kwa kanga. "Huyu kijana anabebaga tu," alisema, "na mwenzie hamuulizagi hata habari ya mama yake." Akataka kujua yule mwenye upanga, mbaya wa hadithi, ni nani. Nikamweleza kuwa yule ndiye shujaa, yule ni mimi. Jastin alikuwa ameacha kutafsiri. Nadhani sauti ilimkauka.

Wakati wa kuondoka Mzee Stanislausi akaniita pembeni. Kasema wamekula chakula cha risaga na hawajatia jembe ardhini, na hiyo ni aibu kwao. Siku yao ya kulima bado ipo. Nyumba yangu ndiyo itakayosema walime wapi. Nikajibu vizuri, vizuri, nikaendelea kutafuta gundi ya kitufe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jastin kaniletea daftari. Kurasa arobaini, mwandiko safi. Nimesoma ya kwanza. Odelin anaomba wapite kijijini kwao. Ya pili, anaomba tena. Nikafunga, nikamwambia Jastin anipe kwa ufupi. Akasema kwa ufupi mtu anaomba kitu kimoja mara saba. Nikamuuliza mwisho wake unakuwaje. Akasema mwisho ninaujua.

Kisha akarudia habari ya shamba. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Akaniomba nimpigie simu Mzee Stanislausi, nimwambie kesho wakalime la Jastin. Alikuwa ameshika simu yake tayari, namba iko kwenye kioo. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti! Nikamwambia watu waliokula nyumbani kwangu walime nyumbani kwangu, habari iishe, na anifulie shati jeupe. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti ya redio.

Akasema sawa kaka. Ndicho ninachompendea, hana kinyongo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bunda. Ukumbi ulijaa. Nikaomba kusema wa kwanza ili niwakate maini. Nikasema Odelin karogwa, nikataja dalili sita. Akapiga makofi mtu mmoja, nikagundua baadaye kwamba alikuwa anaua mbu.

Akasimama binti wa kidato cha nne anaitwa Jenipher. Akaniuliza Odelin alisema nini kwenye daraja la tatu. Nikasema pale upepo ulikuwa mkali. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Hezron alicheka mpaka akashika meza. Yule binti yeye hakucheka. Akasema Odelin aliomba kitu kimoja, wapite kwao akamzike mama yake. Aliomba mara saba, na mara zote mwenzake hakutaka kusikia. Alipofungulia bwawa, hilo lilikuwa jambo lake la kwanza ambalo mwenzake hakuweza kuliruka. Akaongeza kwamba waliozama hawakuwa na kosa, na ndiyo sababu inauma.

Watu wakasimama. Kiti kapewa yeye. Binti huyo hajui gemu, anajua kulia tu.

Nimefika Makoko jua bado lipo. Mabati ya kibanda yamesimama. Mabenchi yako nje, yamepangwa vizuri. Ndani kuna matuta. Matuta ya viazi! Yanaanzia barabarani, yanapita mlangoni, yanakata sakafu yangu ya udongo mpaka ukuta wa nyuma, na pale ninapowekaga kiti changu pia. Kumi na tisa, yamenyooka, marando yameshapandwa na kumwagiliwa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile.

Justina akanieleza. Walikuja asubuhi wote kumi na moja wakiimba, Jastin kawaonyesha mipaka. Mzee Stanislausi aliuliza mara mbili kama ndivyo nilivyosema. Jastin akajibu ndivyo, neno kwa neno. Kabla ya kuondoka mzee akaacha ujumbe kwamba nyumba yangu imelimiwa na siku zake zimekwisha.

Tivii iko kwa Justina, imefunikwa shuka. Nikauliza mashine ya gemu, yenye rekodi yangu yote ya saa thelathini. Justina akacheka mpaka akamwaga dagaa. Jastin kaipanda. Hakusema tuta lipi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefukua matuta saba. Viganja vimetoka malengelenge. Sijapata kitu, isipokuwa kijiko changu kilichopotea mwaka jana.

Baada ya misa nimesikia shamba la Butiama kapewa Clementi. Simu ya Jastin haipatikani. Wanasema alipanda gari la Mugeta jana jioni, akamwambie Ghati mwenyewe. Nilikaa juu ya tuta la nane nikaumia, nasema kweli. Miaka minne nimekula na yule mtu sahani moja. Leo nimekunywa chai bila sukari kwa sababu sijui sukari anaiwekaga wapi.

Lakini nimefikiri sana, na jibu ninalo. Ni Hezron. Kamlaghai binamu yangu ili anivuruge kabla ya mdahalo. Kama si Hezron basi karogwa, hakuna la tatu. Mtu mpole hawezi kugeuka hivyo kwa siku moja bila dalili yoyote.

Kibanda hakiwezi kukaa bila mtu. Nimemwandikia Benson, binamu yetu mwingine kule Nyamuswa. Mpole, hapendi makuu, na jembe analijua, atanimalizia haya matuta kumi na mawili. Kajibu haraka kwamba yuko tayari kuja, ila kuna jambo moja angependa tukubaliane kabla hajaanza. Akalieleza. Ujumbe mrefu kweli, unashuka tu.

Nimemjibu sawa, njoo.