Stata ya Bwana Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya aibu! Kituo cha mafuta, foleni ndefu, nimeshajaza, nimeshalipa. Napiga stata. Tak! Basi, hakuna kingine. Taa zinawaka, redio inaimba, injini kimya. Napiga tena. Tak! Nyuma yangu honi tupu. Gari langu ni otomatiki, hata ulisukume hadi mwisho wa mtaa haliwaki. Wanaume wakashuka kwenye magari yao wakalisukuma pembeni, mke wangu yumo ndani, kakumbatia mkoba, anatazama mbele kama abiria asiyemjua dereva. Baada ya nusu saa hivi likawaka lenyewe, kwa mkupuo mmoja.

Nyumbani mke wangu akatoa hukumu, tena kwa upole, ndipo nikaogopa. Alisema gari likituacha njiani mara moja tu nyingine, anampa mdogo wake. Na anaweza, maana kadi ya gari ina jina lake. Shemeji! Mfuga kuku! Naye alikuwepo, bila shaka, keshafungua mlango wa nyuma anapima kiti kwa tepu. Alisema makreti yataingia vizuri. Kuku, kwenye gari ninalolipangusa kila asubuhi kabla sijanawa uso!

Haiwezekani. Lazima nitumie akili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka mapema, nimeosha vichwa vya betri kwa maji moto na magadi, nimekaza waya zote nilizoziona. Napiga stata: linawaka. Nazima, napiga: linawaka. Mimi ni fundi wa kuzaliwa, basi tu niliangukia kuuza rangi.

Mchana nilisimama kununua mkate. Tak! Nikajifanya naongea na simu hadi watu wakaacha kunitazama.

Nikalipeleka kwa fundi umeme wa magari. Nilisubiri zamu, zamu ikafika, likawaka kama jipya. Mara kumi mbele yake, mara kumi linawaka. Fundi alisema gari ni zima, akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu anayependa sindano. Nilimwapia kwamba linagoma. Akasema basi nimwachie siku mbili. Siku mbili! Mke wangu si ataniuliza gari liko wapi?

Lakini kule kusubiri kumenifungua macho. Likiwa baridi, linawaka. Likipata moto, ukalizima, linagoma. Likipoa, linawaka tena. Kumbe halihitaji fundi. Linahitaji nafasi ya kupoa, na mtu mwenye kisingizio. Nilitengeneze ya nini, na kisingizio ni bure?

Alhamisi, 6 Machi

Leo zamu ya kumrudisha mama mkwe kwake kutoka kliniki ya magoti. Kwa kawaida sizimi injini. Namshusha getini, naaga, nimeshaingiza gia. Ukweni wananiita Bwana Haraka, wanadhani sijui.

Leo tulikuwa tumepitia cherehani yake kwa mtengenezaji, chuma kitupu, na ilibidi niibebe mpaka ndani. Nikazima. Niliporudi: tak! Mke wangu bado yuko ndani na mama yake. Nikajikaza, nikarudi ndani, nikatangaza kwamba nimekuja kukaa kidogo.

Mke wangu macho kodo. Mama mkwe alisimama, magoti na yote, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Nikakaa chini ya kalenda ya zamani anayoitunza kwa ajili ya picha ya maporomoko ya maji. Akaleta chai. Kisha, kwa haya kidogo, akaniuliza kama macho yangu bado ni mazuri, maana yeye sindano siku hizi anaihisi tu, tundu halioni. Nikamtungia uzi. Nikamtungia na nyingine. Akanihadithia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akipiga mluzi vibaya mpaka majirani wakamchangia redio. Nilicheka kwa dhati, nikamwaga chai.

Nilipotoka gari limepoa. Kirrr, moto! Hakuna aliyeshuku. Mke wangu njia nzima alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nadhani ni mahaba.

Jumamosi, 8 Machi

Tumempeleka mama mkwe sokoni, tumemrudisha, nimeingia ndani kukaa. Safari hii chai ilikuwa tayari, na sindano zimepangwa kwenye kitambaa zinanisubiri.

Shemeji akatokea. Huyu mtu ana pua. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akaja kusimama mlangoni akitabasamu, akaniomba nisogeze gari kidogo atoe pikipiki yake. Na gari bado moto! Nikamwambia siwezi kuondoka katikati ya hadithi. Akasema ni dakika moja. Nikasema hadithi imefika pazuri. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akamwambia amwache mkwe wake anywe chai, pikipiki ina magurudumu, aipitishe uani. Akaipitisha uani, kwenye kamba za nguo, akatokea upande wa pili na shuka kichwani.

Sijafurahi hivi tangu mwaka uanze.

Jumapili, 9 Machi

Tatizo. Nusu saa haitoshi tena. Leo gari liligoma kupoa. Nilitunga sindano zote za nyumba nzima, nikazitungua, nikazitunga kwa rangi nyingine. Nilikunywa chai mpaka tumbo likawa ngoma. Nilitazamishwa albamu ya picha mara mbili. Kila nikitoka kuchungulia: tak!

Mama mkwe alisema hajawahi kupata mkwe mwenye subira kama mimi. Mke wangu akakohoa. Ni dhahiri: likiendelea hivi nitahamia hapa, na siri itatoka. Afadhali fundi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetumia akili tena. Nimezunguka mji mpaka gari likapata moto sawasawa, nikaingia gereji bila kuzima, nikalizima mbele ya pua ya fundi. Tak! Nilirukaruka kwa furaha. Fundi akaniomba nitulie.

Akaingia chini na kipimo chake cha umeme, akaniambia nipige stata. Tak! Akasema umeme unafika kwenye stata vizuri kabisa, ila stata yenyewe haizunguki. Akaigonga kwa mpini wa spana, akasema nijaribu. Kirrr! Akagonga, likawaka, hakugonga, likagoma. Basi akaifungua. Kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani, zimelika mpaka zimebaki kama chaki ya mwisho wa muhula. Stata ikipata moto hazigusi tena. Akanifungia stata nyingine, nzima. Aliitaka ile mbovu kwa vipuri, nikakatalia mbali. Yangu! Nimeiviringisha gunia, iko kwenye buti.

Gari sasa linawaka kabla hujamaliza kufikiria. Shemeji atafute punda.

Jumamosi, 15 Machi

Tulimrudisha mama mkwe na mizigo yake. Nikazima bila woga, nikabeba, nikaweka, nikaaga, kirrr, tukaondoka. Safi!

Jioni mke wangu aliweka simu chini, akanitazama. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mama yake amepiga simu kuuliza amenikosea nini. Chai ilikuwa mezani, na vikombe viwili. Ameshona gauni nusu, uzi ukaisha sindanoni, ameacha.

Kusema kweli niliumia. Na si yeye tu. Ile nusu saa niliyoiokoa sikujua niifanyie nini. Nilikaa sebuleni nikitazama ukuta, hakuna wa kunihadithia habari za marehemu na mluzi wake.

Mke wangu akasema dawa yake ni rahisi mno, hata mimi naijua. Kweli naijua! Kwa mara ya kwanza tumewaza jambo moja.

Jumapili, 16 Machi

Ushindi mtupu!

Asubuhi nilimtoa fundi kwenye mapumziko yake. Stata nzima ikashuka, stata mbovu ikapanda. Mchana nikampeleka mke wangu kwa mama yake kwa njia ya mbali, ili gari lipate moto wa kutosha. Nikazima. Nikapiga. Tak! Sauti tamu kama nini. Nikaingia ndani mikono juu, natangaza kwamba gari limegoma, sina la kufanya, itabidi nikae.

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho. Chai, sindano, gauni likaisha. Shemeji akaja mbio na tepu yake, akadai ahadi: gari limetuacha, amelisikia kwa masikio yake. Mke wangu akamwambia yeye hakusikia chochote, na kwamba gari hili haliuzwi wala halitolewi, akaangalie kuku wake. Kisha akanitazama kwa macho ya kucheka. Maskini, mambo ya magari hayajui hata kidogo. Tak ilisikika mtaa mzima!

Fundi ndiye aliyekuwa mgumu kuelewa. Aliniuliza kama nimegonga kichwa. Akaniuliza kwa nini nisiende na gari zima, nikalizima, nikakaa kwa mama mkwe kadiri ninavyotaka. Nilimcheka sana. Nikae tu pale, gari zima nje, bila sababu yoyote? Si yule mama atadhani nampenda?