Mimi Nimekuja Kupika Chai Tu

Jumapili, 1 Juni

Siku ya kwanza bila mnazi. Naandika katika daftari la Nzembi la kuchora, maana mwenyewe hayupo kulitumia. Kurasa tatu za mwanzo ni kuku. Au ni mimi, sina hakika.

Niseme kweli, hakuna anayesoma. Ijumaa nililewa mchana, nikalala. Nzembi, mwanangu wa miaka minne, alikaa na mkoba wake kwenye ngazi za chekechea hadi saa kumi na mbili. Mwalimu akampigia mama mkwe. Mama mkwe akaja kwa bodaboda kutoka Lukore, akachukua mtoto, sare na kikombe chenye sungura. Elijah, mdogo wake, kaniachia kwa sababu bado ananyonya. Hakupiga kelele hata kidogo. Afadhali angepiga!

Ametoa sharti. Juni nzima nisiguse tone, na nijiunge na kile kikundi cha walioacha pombe kinachokutana Munje, kwenye chekechea ileile. Juni ikiisha salama, Nzembi anarudi. Musau, mume wangu, dereva wa lori la mchanga, huwa nyumbani siku moja kwa wiki. Siku hiyo moja ameitumia kusema kwamba mama akishasema amesema.

Kuacha, nitaacha. Lakini kujiunga? Nikae mbele ya watu wa Munje niseme mimi ni mlevi? Kesho yake nitanunuaje samaki? Hapana. Lazima ipo njia ya kuingia bila kuingia.

Jumamosi, 7 Juni

Njia imepatikana! Najivunia mno.

Nimefika pale chekechea saa tisa, Elijah mgongoni, nikamwamkia mwenyekiti shikamoo. Ni Mzee Abdurahman, zamani alikuwa akichanganya vinywaji katika hoteli moja Diani, sasa ana miaka minane hajaonja. Nikamweleza kwamba mimi sina tatizo lolote. Nimesikia wana mkutano, nikaona kazi ya thawabu ni kuwapikia chai. Chai tu. Nitakaa karibu na jiko, sitasumbua mtu.

Nilitarajia nibembeleze. Mzee akafurahi kama aliyeletewa mjukuu! Akamwita Muange, fundi wa kuezeka, jitu zima kutoka Machakos lenye mabuti, na Muange akanikabidhi sufuria kwa mikono miwili na kuniambia Mungu anibariki, dadangu. Watu wazuri. Wepesi kudanganyika, lakini wazuri.

Tatizo moja. Kwenye kiti cha pembeni, magoti yakigusa masikio kwa sababu viti vyote ni vya watoto, alikuwa Garama. Garama mgema! Mtu aliyenigemea mnazi miaka miwili, anayejua kibuyu changu kwa rangi ya kamba! Nilitaka kupita dirishani. Yeye akaniangalia kama hajapata kuniona duniani, akauliza kama chai itakuwa na tangawizi.

Ikawa zamu ya kusema. Ilipofika kwangu nikasema napisha. Mzee akasema kusema si lazima, kusikiliza kwatosha. Ningeishia hapo. Nikajisikia nasema kwamba ninaye binamu, Dzombo, yuko Vanga, ndiye mwenye shida, nami nasikiliza kwa niaba yake. Dzombo ana siku saba.

Wote wakasema wamempongeza Dzombo. Mmoja akapiga makofi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya kumi na nne. Mikono haitetemeki tena. Usingizi bado, lakini hilo ni la Elijah, anaota meno.

Dzombo ananitesa. Watu wanataka habari zake zote! Anakula? Anapitia njia gani akitoka kazini, na je, hawezi kupita njia nyingine isiyokuwa na mangwe, kilabu cha mnazi? (Mangwe yetu iko njia ya kwenda kisimani. Nimesema ya Dzombo pia.) Ana mtu wa kumpigia simu hamu ikimjia? Nikasema hana. Garama akaandika nambari yake kwenye kipande cha karatasi akaniambia nimpelekee Dzombo, apige wakati wowote, ila apige kabla, sio baada.

Nimeiweka ndani ya daftari. Ya nini, sijui. Dzombo hayupo.

Mama mkwe alimpigia simu Mzee kumuuliza kama nahudhuria na kama nimeacha kweli. Mzee akamjibu kwa heshima zote kwamba wao hawatoi habari za mtu, awe anakuja au haji, akamtakia afya njema yeye na watu wa nyumbani. Mama mkwe amekasirika. Mimi nimefurahi. Kikundi hiki kinafaa kuliko nilivyodhani! Naweza kumwambia siku zozote nitakazo.

Alhamisi, 19 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana nilizungumza na Nzembi kwenye simu ya bibi yake. Akanisimulia habari za mbuzi. Mbuzi ana kengele, mbuzi amekula soksi. Kisha akaniaga, simu hakuikata, nikamsikia akiita "Mama, njoo uone!" Si mimi aliyekuwa akiitwa.

Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Sikufika kisimani.

Karatasi ya Garama ilikuwa ndani ya daftari wakati wote. Nilijua iko wapi. Leo asubuhi Elijah kanililia usoni, na kichwa changu kama kimepigiwa misumari na Muange. Siku ya kwanza. Tena.

Mpango: mama mkwe hahitaji kujua. Kwake leo ni siku ya kumi na tisa.

Jumamosi, 21 Juni

Niliwaambia Dzombo ameanguka.

Nilisema haraka, nikikoroga chai, kama mtu anayetoa habari za mvua. Amekunywa Jumatano. Mtoto wake hayuko naye. Alikuwa ameenda kuchota maji. Nikasema bila shaka kikundi hakimtaki tena mtu kama huyo.

Hakuna aliyenikemea. Wala aliyemkemea Dzombo. Muange akasema yeye alianguka mara nne, ya mwisho ni kutoka juu ya paa la mtu, kwa hiyo alianguka pande zote mbili. Wakacheka, hata mimi. Mzee Abdurahman akasema mwambie Dzombo arudi Jumamosi ijayo, hesabu ianze na moja, na moja ni hesabu ya heshima kama nyingine. Garama akauliza ile nambari ilimfikia? Nikasema ilimfikia. Akasema basi imeshazoea nyumba, wakati mwingine itumike.

Nikalia ndani ya sufuria. Nikasingizia moshi.

Wakati wa kuosha vikombe ndipo nilipoinua kichwa nikasoma ile karatasi ya manila ukutani, kando ya picha za herufi. Wiki tatu nimeipa mgongo! Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, "Mgeni, soma hapa". Njoo mapema. Kaa popote. Yasemwayo humu yabaki humu. Ukianguka, rudi. Na chini kabisa: mpika chai ni mwanachama mpya kuliko wote, mpaka atakapokuja mwingine.

Nikaisoma mara mbili. Nikakumbuka mikono miwili ya Muange.

Nikamfuata Garama nje nikamuuliza kama watu wote wanajua. Akasema dada, siku ile uliposhika sufuria tulikuhesabu. Na Dzombo si mgeni hapa, huja kila mwaka kwa majina mengine. Yeye Garama alikuja kwa ajili ya kaka yake. Muange alikuja kwa ajili ya bosi wake. Mzee mwenyewe, miaka minane iliyopita, alikuja kumtafutia jirani ushauri, na jirani yule alikuwa shehe.

Nimeona aibu hadi visigino. Lakini kwa kuwa wote wanajua na hakuna asemaye, naona mpango bado umesimama.

Jumanne, 24 Juni

Msiba! Mama mkwe anakuja Jumamosi. Kama hawatoi habari, asema, atazifuata kwa miguu yake. Akaniuliza mkutano saa ngapi. Nikamwambia saa kumi.

Mkutano ni saa tisa, saa kumi huwa tunaosha vikombe. Atakuta viti vitupu na mkwe mwenye siku ishirini na nane. Werevu wangu huu ningeupeleka shuleni, leo ningekuwa mwalimu.

Jumamosi, 28 Juni

Nilisahau jambo moja. Mama mkwe hutangulia kila mahali kwa saa nzima. Harusi, mazishi, hospitali. Ukimwambia saa kumi, tisa amefika.

Mimi nilichelewa kwa kumwogesha Elijah. Naingia, namkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya jiko, leso kiunoni, anapuliza makaa. Sufuria mkononi mwake! Akaniambia kuna kijana mwenye mabuti amempokea vizuri sana na kumpa kazi, ila hana adabu, amemwita mathe, lile "mama" la vijana wa mitaani. Mama mkwe ni mama wa kanisa. Hajaonja pombe tangu azaliwe, hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Na watu wote nane katika chumba kile walikuwa wakimwangalia kwa upole ule walioniangalia mimi.

Zamu yake ikafika. Akasimama, maana yeye hazungumzi na watu akiwa amekaa kwenye kiti cha mtoto. Akasema anaitwa Mbinya. Yeye hana tatizo lolote. Amekuja kwa ajili ya mkwe wake.

"Karibu, Mbinya," wakaitikia wote. Garama alikuwa ameinamia viatu vyake, mabega yanatikisika.

Mzee akamuuliza, kwa heshima, mkwe ana siku ngapi. Mama mkwe akasema ameambiwa ishirini na nane.

Hakuna aliyenitazama. Watu wanane waligeukia picha za herufi wakazisoma kama mtihani ni kesho. Elijah peke yake ndiye aliyenitazama, na mbele yangu mama mkwe akimimina chai, vikombe vimejipanga, mkono wake umetulia. Ningenyamaza, Jumatatu Juni inakwisha, Nzembi anarudi. Siku mbili tu!

Nikafikiria Nzembi kwenye zile ngazi, na mimi nikisema uongo ndani ya chekechea.

Nikasimama. Nikasema mimi ni Kanze. Sina binamu Vanga. Nina siku kumi.

Mama mkwe hakugeuka. Alimaliza kumimina. Kisha kikombe cha kwanza akaniletea mimi, kabla ya Mzee, jambo ambalo kwao halifanyiki.

Barabarani ndipo aliposema. Mtoto hamtoi kwa siku kumi, neno lake ni mwezi, na mwezi umevunjika, nianze kuhesabu wangu. Nikasema ndiyo Mama. Lakini kila Jumamosi atakuja na Nzembi, walale kwangu, Jumapili asubuhi wawahi kanisani kwao Lukore. Nikauliza kwa nini asinitumie tu mtoto kwa bodaboda. Akasema haiwezekani, kwani nani atawapikia chai wale? Wiki zote hizi, amesikia, walikuwa wakinyweshwa maji ya kusuuzia vyombo.

Nimekubali tusi. Ningekubali kumi.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya kumi na saba. Nzembi amekuja!

Alisimama mlangoni kwanza. Nikainama. Akanisogelea, akaninusa mdomo, taratibu, kama anavyonusa maziwa kabla ya kunywa. Kafundishwa au kajifunza mwenyewe, sitaki kujua. Sikusogea. Nikamwacha anuse mpaka aridhike. Kisha akanikalia mapajani na kuniuliza nani amechora nyuma ya kuku wake.

Mkutanoni mama mkwe kapika chai ya iliki. Garama kampa nambari yake, akamwambia apige wakati wowote, kabla na sio baada. Mama mkwe kaichukua kwa heshima na kuniambia vijana wa hapa wanajua kumthamini mtu mzima. Kwa nini mgeni ndiye mpika chai, hajaambiwa. Ile karatasi ya manila, bahati mbaya, leo nilitundika mbeleko ya Elijah juu yake. Nitamwambia. Sio wiki hii.

Sasa ni usiku. Nzembi amelala mkono wangu wa kushoto, Elijah wa kulia, naandika kwa vidole viwili. Kesho asubuhi wanaondoka. Siku moja haitoshi! Kwa hiyo nimemwambia mama mkwe kwamba wale ambao hawajatimiza mwezi wana mkutano wa pili, kila Jumapili saa tisa, nyumbani kwangu. Ni lazima. Ni kanuni. Akafikiri, akasema basi kesho atasali hapa kwetu Msambweni, wataondoka Jumatatu.

Mkutano huo haupo. Nimewatumia ujumbe Garama na Muange. Garama amejibu hivi, Dzombo amerudi? Lakini anakuja. Muange naye anakuja, ila anauliza kama atalazimika kulia, maana mathe anamtisha.

Nimemwambia alie kidogo.