Kitengo cha Imani Sahihi

Kuanzia mwezi wa nne, vipaza sauti vya mji wa Tokumori vilitangaza, kila mkazi aliyevuka miaka sabini na mitano atafundishwa kuamini watu kwa kiwango kinachokubalika. Asiamini kupita kiasi, wala asishuku kupita kiasi. Kiwango chenyewe kilikuwa kimeshapitishwa na kamati. Kazi ya kukiingiza vichwani mwa wazee ilikabidhiwa Kitengo cha Imani Sahihi, ghorofa ya tatu, mkabala na choo.

Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Kusakabe Nobuyuki, mtu wa makamo mwenye suti ya kijivu na tumbo lililoharibiwa na vikao. Aliipenda kazi yake. Aliamini kwamba ndiye mtu wa kwanza Tokumori, na pengine Japani nzima, kulipwa mshahara kwa ajili ya imani bila kuwa mtawa.

Jambo lenyewe halikuwa mzaha. Matapeli walikuwa wakiwapigia wazee simu na kusema, "Mama, ni mimi." Jina hawataji. Mama mwenyewe ndiye anayelitaja: "Ni wewe, Shunsuke?" Basi, kuanzia hapo tapeli ni Shunsuke, amegonga gari la mtu, na anaomba asaidiwe kabla benki haijafungwa. Wazee wa watu walikuwa wakitoa akiba ya uzeeni kwa watoto wasiowazaa.

Wataalamu wakasema ubongo wa mzee unaweza kunolewa kama kisu. Vikaletwa vishikwambi. Sura inatokea kwenye kioo. Mzee anabonyeza kijani ikiwa mtu anaaminika, nyekundu ikiwa haaminiki. Akipatia, ndege analia. Akikosea, analia chura.

Tatizo likawa sura. Sheria ya taarifa binafsi ilikataza kumtumia mkazi kama tapeli bila ridhaa yake, na hakupatikana aliyeridhia. Waigizaji hawakuwa na kifungu kwenye bajeti. Watumishi wa kitengo, walipoulizwa, walitazama viatu vyao kwa umakini mkubwa.

"Nitabeba jukumu," alisema Kusakabe, akainama mpaka kiunoni. Alidhani mtu atamzuia. Hakuna aliyemzuia.

Akapigwa picha akiwa na miwani, bila miwani, na kofia ya mpeleka vifurushi, na masharubu ya bandia. Mpiga picha alimwambia hana haja ya kujibadilisha sana. Kisha akarekodiwa sauti kwa ajili ya mazoezi ya simu: "Mama, ni mimi." Alirudia mpaka ikatoka vizuri, kwa huzuni kidogo, kama mtu anayeogopa kukatiwa. Kanuni ya kwanza ya mafunzo ilisema: akisema "ni mimi", kata simu.

Upande wa sura ya kuaminika haukuwa na shida. Mheshimiwa Meya Aramaki alijitolea kabla hajaombwa.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa mtaa, baada ya mazoezi ya viungo. Mwanafunzi mkongwe alikuwa Mzee Onodera, aliyeendesha treni maisha yake yote, na ndiye aliyeleta ufundi ambao wataalamu hawakuufikiria.

"Relini macho peke yake hayatoshi," aliwaambia wenzake. "Taa ni nyekundu, unainyooshea kidole, unasema kwa sauti: nyekundu. Mkono na mdomo vikisema, kichwa hakina pa kukimbilia. Ndiyo maana sikuua mtu."

"Hata ng'ombe?" aliuliza bibi mmoja.

"Ng'ombe alikuwa na makosa yake."

Kuanzia siku hiyo ukumbi mzima ulinyoosha vidole. Alipotokea Kusakabe kwenye kioo, wazee walimwelekezea kidole kwa pamoja na kusema, "Uso huu, hapana." Alipotokea Meya, walisema, "Uso huu, sawa," na ndege wakalia.

Bora kuliko wote alikuwa Bi Fumie. Hakukosea hata mara moja. Kusakabe alijivunia sana matokeo hayo, kwa sababu Bi Fumie alikuwa mama yake mzazi.

Majira ya mvua yalipoingia, matunda ya mafunzo yalianza kuonekana mitaani. Kusakabe akipita sokoni, vizee waliokuwa wakichagua vitunguu walisimama, wakanyoosha vidole, wakasema walichofundishwa. Muuza tofu, ile jibini ya soya, alimfungia dirisha. Kusakabe alimwandikia Meya kwamba wazee wa Tokumori sasa wanamtambua tapeli pasipo kukosea, mradi tapeli awe Kusakabe. Kuhusu matapeli wengine, takwimu zilikuwa bado zinakusanywa.

Jioni moja akampigia mama yake simu. Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu wa marehemu baba yake, mmoja wa miaka michache ambayo desturi ya Kibudha humwombea marehemu. Ile ya mwaka wa tatu aliikosa kwa ajili ya bajeti. Ya mwaka wa saba aliikosa kwa ajili ya semina ya kuimarisha familia. Baada ya hii ingefuata ya mwaka wa kumi na saba, na mama atakuwa ana miaka tisini, kama atakuwepo. Kusakabe hakutaka kuifikiria hiyo.

"Mama, ni mimi."

Alingoja atajwe jina, kisha akalitaja mwenyewe.

"Nobuyuki. Jumapili nakuja kwenye kumbukumbu ya baba."

"Mwanangu hawezi kuja," ilisema sauti ya Bi Fumie, bila hasira. "Mwanangu ana kikao."

"Sina kikao, Mama."

"Basi si mwanangu." Simu ikakatwa.

Kwa dakika moja Kusakabe alifurahi kama mtaalamu. Halafu akavaa koti, akaenda.

Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja, mnyororo ukiwa mahali pake. Jicho moja la Bi Fumie lilimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha kidole kikavu kikapenya kwenye uwazi.

"Uso huu, hapana."

"Mama, umenizaa wewe."

"Matapeli wote husema hivyo. Nikuulize. Marehemu alikuwa anakula tofu na nini?"

Kusakabe alifikiri. Alijaribu kumkumbuka baba yake mezani, na alichokiona ni mkoba wake mwenyewe ukiwa tayari mlangoni. "Na tangawizi," alisema.

"Na haradali. Ukoo mzima ulikuwa unamcheka." Jicho likaondoka.

Jirani alikuwa ameshapiga simu. Afande Hidaka wa kituo kidogo cha polisi alifika kwa baiskeli, akavua kofia.

"Bwana Mkuu wa Kitengo, pole."

"Hidaka, wewe unanijua. Tulikaa dawati moja."

"Nakujua kama kidole changu."

"Basi mwambie mama."

Hidaka akajikuna shingo. "Kanuni ya saba. Uthibitisho unatolewa na mzee mwenyewe, si na mtu wa pembeni. Uliiandika wewe, kaka."

"Niliiandika vibaya."

"Lakini imeshapigwa muhuri," alisema Hidaka kwa huruma, akamsindikiza mpaka kona ya barabara ili raia wasimsumbue.

Kesho yake Meya alimwita. Alikuwa na furaha. Jumapili saa tano kutakuwa na sherehe ya mafanikio, ukumbi mkubwa, kwaya, vishikwambi kwenye mapaja ya wazee wote. Meya mwenyewe atampigia simu mhitimu bora, na mazungumzo yatasikika ukumbini.

"Mhitimu bora ni mama yangu, Mheshimiwa."

"Safi kabisa. Inagusa familia."

"Na Jumapili ni kumbukumbu ya marehemu baba. Mtawa atakuwa nyumbani."

Meya alitafakari jambo hilo kwa uzito uliostahili. "Vizuri," alisema. "Kwa hiyo simu itapokelewa."

Jumapili Kusakabe alitoka akiwa na suti nyeusi, ambayo inafaa sherehe na inafaa msiba. Ndiyo faida ya kuwa mtumishi wa umma. Kwenye makutano ya barabara, ukumbi uko kushoto na kwa mama ni kulia. Alisimama pale akisubiri mawazo. Mawazo hayakuja, ila miguu yake ikaamua bila kupitia kamati yoyote. Njiani alinunua tofu kwenye mtaa ambao mafunzo yalikuwa bado hayajafika, na kichupa cha haradali.

Akabisha hodi.

"Nani?"

"Mtu asiyeaminika, Mama."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. "Leo huna kikao?"

"Ninacho," alisema Kusakabe. "Kikubwa. Meya yuko huko, kwaya iko huko, viti nilivipanga mwenyewe jana. Nimekiacha."

Jicho likamkagua tena, likaishia kwenye kichupa cha haradali. Kisha mnyororo ukalia.

"Mwanangu ana kikao," alisema Bi Fumie, kama mtu anayehakiki jibu. "Vua viatu. Mtawa keshafika."

Mbele ya madhabahu ya nyumbani palikuwa na mito ya kukalia: wa mtawa, wa Bi Fumie, na mmoja zaidi, umekung'utwa vumbi. Kusakabe aliutazama huo wa tatu. Alikaa. Mtawa akaanza kusoma, ubani ukapanda. Miaka yote alikuwa akisali kama anayesaini mahudhurio. Safari hii alifumba macho na kumwambia baba yake samahani, na akashangaa jinsi neno moja lisilo na viambatisho linavyoweza kuchukua muda. Alipofumbua macho, mama yake alikuwa akiweka tofu kwenye kisahani mbele ya picha ya marehemu, na haradali juu yake.

Walikuwa wamefikia figili ya kuchemsha, mtawa akiwa na bakuli mkononi, simu ilipolia. Ilikuwa ile yenye vitufe vikubwa iliyogawiwa na kitengo. Bi Fumie akabonyeza kipaza sauti.

"Bi Kusakabe Fumie, hongera sana. Mimi ni Meya wako, Aramaki." Nyuma yake mlisikika mwangwi wa ukumbi na makofi.

"Sauti naijua," alisema Bi Fumie. "Lakini sauti si kitu."

Ukumbi ukacheka kwa heshima. Meya naye akacheka. "Hodari sana. Ila mimi ni Meya kweli."

"Meya kweli aliambiwa na mwanangu kwamba leo ni kumbukumbu ya mume wangu, na mtawa bado anakula. Meya mwenye adabu hapigi simu saa hii. Kwa hiyo ama wewe si Meya, ama huna adabu. Sema ni lipi, nijue nibonyeze wapi."

Kicheko cha safari hii hakikuwa na heshima. Meya akakohoa. "Bibi, mwanao ndiye msimamizi wa sherehe hii."

"Mwanangu yuko hapa anakula figili. Tangu aajiriwe hajakosa sherehe ya kweli hata moja, hata baba yake alipokuwa anakufa. Kama yuko hapa, huko hakuna sherehe. Enyi mlioko huko, nendeni nyumbani. Mmetapeliwa."

Kusakabe aliacha kutafuna. Kwa wakati huo, ratiba ilisema, sura ya Meya ilikuwa kwenye vioo vyote kwa zoezi la pamoja. Akamsikia Mzee Onodera, wazi kama yuko stesheni:

"Uso huu, hapana."

Kisha chura mmoja akalia. Halafu wa pili. Halafu ukumbi mzima, vyura kama wa mashamba ya mpunga yakishamwagiwa maji, mpaka kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa ili kuwafunika, na haikuwaweza.

"Niitie Kusakabe," ilisema simu.

Bi Fumie akamsogezea mwanawe mkonga wa simu, kisha akainua kijiti chake cha kulia chakula kama mwalimu anayesubiri.

"Kusakabe," ilisema sauti, ikihema. "Ni mimi."

Kusakabe alimtazama mama yake. Kanuni ya kwanza ilikuwa fupi, ameiandika mwenyewe, na imepigwa muhuri. Akakata simu.

"Umechelewa kidogo," alisema Bi Fumie, akimwongezea figili. "Lakini umepatia."