Suruali ya Bulygin

Jumatatu, 7 Aprili
Nina hasira! Zimebaki siku nne turudi duniani, na Daktari Kapitolina Yegorovna kapiga simu kutoka chini kututisha. Eti miezi sita ya kuelea imetuharibu: tukisimama tu, damu itakimbilia miguuni, presha itashuka, tutaanguka puu. Eti atakayesimama mbele yake dakika kumi ndiye atakayepewa kiti cha safari ijayo. Kiti kimoja! Watu wawili, mimi na Bulygin. Bulygin, anayetafuna kitunguu saumu angani!

Jumanne, 8 Aprili
Amri za daktari: asubuhi ya kurudi tumeze vidonge vya chumvi, tunywe lita moja na nusu ya maji, tuvae suruali ya kubana kuanzia tumboni hadi vifundoni. Upuuzi! Miguu ikibanwa itapata wapi nguvu? Na maji yote hayo, saa tatu na nusu ndani ya nepi, bega kwa bega na Bulygin? Sinywi.

Baba mkwe, Matvei Ilyich, kanali mstaafu wa vifaru, kaniuliza kwenye simu kama nibebwe na mkokoteni wa viazi au wa kabichi. Nikamwambia, Baba, utanikuta nimesimama wima. Alicheka mpaka laini ikakatika.

Jumatano, 9 Aprili
Nimepata! Bulygin mnene, suruali yake inanipwaya. Yangu itamkaba hasa. Alipokuwa kwenye mashine ya kukimbia nimezibadilisha, na vibandiko vya majina pia. Nimecheka mpaka nikagonga kichwa darini. Au sakafuni, huku juu nani ajuaye.

Ijumaa, 11 Aprili, asubuhi
Vidonge vyangu nimevisaga, nikavitia kwenye supu ya Bulygin ili atapike. Kainywa yote! Eti Rodya ndugu yangu, leo imekolea. Akashushia maji lita mbili. Sasa anahangaika na suruali, analalamika kanenepa. Mimi yangu raha mustarehe.

Ijumaa, jioni
Naandika nimelala. Tumetua nyikani salama, helikopta ikatuleta uwanja wa ndege wa Karaganda, daktari akasimama na saa yake. Bulygin alisimama kama mlingoti. Dakika kumi! Akapunga mkono! Akaomba kitunguu!

Mimi pia nilisimama. Baba mkwe akanijia na mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yetu. Hakunitania. Macho yalimlowa, akasema mwanangu, leo nimekuona. Nikamega, nikachovya, nikatafuna. Giza.

Nimeambiwa niliangukia mkate. Na aliyenibeba begani ni yeye, mzee wa miaka sabini na moja. Nimeaibika sana.

Jumamosi, 12 Aprili
Siku ya Wanaanga. Kiti kapewa Bulygin. Kwenye televisheni kamshukuru kila mtu, hasa mimi kwa supu. Nimerusha kijiko.

Kapitolina Yegorovna kanitundikia dripu ya maji ya chumvi, kanihoji kwa ukali nilikunywa lita ngapi. Nimesema mbili. Hajui kwamba nimeshagundua kila kitu. Nilikuwa nimesimama vizuri kabisa mpaka nilipoonja ile chumvi. Ni chumvi! Bulygin amepona kwa sababu ana tumbo la ng'ombe.

Baba mkwe yuko mlangoni na kiti cha magurudumu. Kakitandikia gunia la viazi. Mzee huyu!

Nimechomoa dripu. Namfuata kwa miguu yangu mwenyewe.