Mto Wenye Pindo

Jumatatu, 14 Julai

Mama Winifrida, mwenye fremu ya duka tunayopanga, ametoa hukumu. Kachoka na kelele zetu za meza ya mbele, ile inayotazama mtaa. Mpaka Jumamosi, aliyevuta wateja wengi anabaki nayo. Mwingine anahamia nyuma, kwenye ngazi, ambako hata mwizi hafiki. Wagombea wawili: mimi, Leodegar, mtu wa mikeka, na Anuari, muuza makava ya simu. Anuari akasema, "Sawa mama, Mungu atapanga." Kisha akaanza kupima meza kwa shubiri. Mbele ya macho yangu!

Simtakii mabaya. Namtakia ngazi.

Jumanne, 15 Julai

Riziki imeingia kwa miguu yake. Dalia, daktari wa meno kutoka Upanga, kaja na hotpoti. Nikadhani chapati. Kafungua: askari! Wa plastiki, urefu wa kidole gumba, kila mmoja kapakwa rangi mpaka vifungo vya koti. Akanieleza taratibu, kama anayenieleza jino. Yeye na wenzake wanapigana vita mezani. Wanapima hatua kwa rula, wanarusha dadu, anayeshindwa analeta sambusa. Walichokosa ni uwanja. Anataka mikeka kumi na miwili ya mraba, yenye picha za nyasi, barabara na mto, ya kupanga upya kila wiki. Leo mto unapita kushoto, kesho unageuza vipande, unapita kulia. Picha ifike mpaka ukingoni ili vipande vikutane. Hilo kalisema mara mbili. Nikamwambia, Daktari, nilikuelewa kabla hujaja.

Nikampa na wazo. Jumamosi waje wapigane hapahapa, meza ya mbele. Watu watajaa, Mama Winifrida ataona. Akakubali. Anuari akauliza kama hao askari wanatumia simu.

Jumatano, 16 Julai

Kwa Benjamini, mchapaji wa mabango. Mtu mzuri, jicho hana. Kanitolea sampuli kama Daktari alivyotaka. Nyasi zinakwenda, zinakwenda, halafu basi! Mkeka umeisha kama hadithi ya mlevi.

Nimeuza khanga miaka tisa kabla ya mikeka. Khanga isiyo na pindo mteja anairudisha, anasema umempa kipande. Nikaagiza pindo pande zote nne. Pana, jeusi. Na korosho nyekundu kila pembe, kama za khanga. Benjamini akajikuna shingo. "Bosi, si mteja kasema picha ifike ukingoni?" Nikamuuliza, kati yangu na daktari wa meno, nani anajua vitambaa? Akasema bosi ni mimi. Ndilo jibu nililokuwa nalitaka.

Ijumaa, 18 Julai

Mikeka imefika. Mizuri hadi inatia huruma kuipigania. Nimeifunga miwili miwili, kama doti. Mama Winifrida kapita, kapapasa korosho, kasema, "Leodegar, hii kazi." Basi, kaenda zake. Lakini kasema!

Nimemsalimia Anuari kwa upole wa pekee. Nimemuuliza kama ana mtu wa kumsaidia kuhama.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nne wakaja, Dalia na wenzake watatu. Watu wazima, wana kazi zao. Nikapanga mikeka kwa mikono yangu.

Dalia akatazama. Akavua miwani. Akaivaa tena. Mto ulianza vizuri, ukafika kwenye pindo, ukafia hapo. Ng'ambo ya pindo ukaanza mto mwingine. Barabara nazo vivyo hivyo. Haukuwa uwanja wa vita. Vilikuwa viwanja kumi na viwili vilivyopimwa.

Akauliza kwa sauti ya chini, ile ya kabla ya sindano ya ganzi, askari wake wavukeje. Nikasema waruke. Akasema kwa sheria zao mstari mweusi ni ukuta. Mwenzake akataka kujua zile korosho ni vichaka au maziwa. Nikasema ni urembo.

Watu walijaa. Hapo sikukosea. Wapagazi, wanunuzi, mama lishe wa jirani na mwiko wake mkononi. Mmoja akapaza sauti kwamba kila askari ana hati yake ya kiwanja, wanapigania nini tena? Mwingine akasema ule mto haujalipiwa bili. Vicheko! Wakatoa simu wapige picha.

Anuari hakutazama vita. Alitazama simu. Kava limepasuka hapa, limechakaa pale. "Dada, simu nzuri hivyo unaitembeza uchi?" Kufika saa saba boksi lake lilikuwa tupu.

Mama Winifrida alikiri kwamba nimevuta watu. Ila nimewavuta wakaenda kwa Anuari. Kwangu alinunua mmoja tu, mama lishe, mkeka wa ziada niliochapisha. Wa kuwekea jiko la gesi. Alisifia pindo.

Jumatatu, 21 Julai

Ngazini. Mwanga kidogo, upepo upo. Anuari amenisaidia kubeba marobota, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Dalia kanifuata hukuhuku. Hana kinyongo. Kayakata mapindo yote kwa kisu chake cha kazini. Uwanja umepungua kidogo, mto umeungana, na jana wamepigana vizuri. Sasa wanataka vilima sita vya sponji. Kanichorea: chini pana, juu bapa kama meza, ili askari wasimame wasianguke. "Kaka Leodegar, juu bapa. Nakuomba." Akapigia mstari mara tatu. Nikivitengeneza sawasawa, wenzake wote wataagiza kwangu. Mama Winifrida alikuwa anashuka ngazi, akasikia. Kasema ikiwa hivyo, habari ya meza ya mbele tutaizungumza upya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo bado nipo mchezoni! Nimekaa na ule mchoro asubuhi nzima. Ni mchoro wa mtu wa pwani, hana kosa. Mimi nimezaliwa Rombo. Miaka kumi na minane nimeamka na mlima dirishani. Nani wa kunifundisha mlima?

Nimeshachonga vinne. Vyote vina ncha kali, na theluji juu.