Mkurugenzi Harukwi

Mamlaka ya Uratibu wa Vivuli, inayosimamia vivuli vyote vya umma kuanzia Ngoliba hadi Kimbo, ilitangaza Jumatatu kwamba utoro kazini umefika mwisho. Tangazo lilisomwa na Kaimu Mkurugenzi, Bwana Gachau, katika makao makuu ya Thika. Waliolisikia walikuwa wachache kwa sababu wengi hawakuwa kazini. Makoti yao yalikuwepo, yamening'inia vizuri kwenye viti.

Bwana Gachau alikuwa na haki ya kuwa mkali. Mlangoni pa ofisi yake palibandikwa herufi za dhahabu: KAIMU MKURUGENZI GACHAU. Hilo neno la kwanza lilikuwa limekaa pale miaka mingi hadi wanawe wakadhani Kaimu ni jina lake la ubatizo, na lilimuuma kila asubuhi akishika kitasa. Sasa mwenyekiti wa bodi, Bi Firdaus, alikuwa amemwahidi kwamba mradi huu mmoja ukifaulu, atalibandua kwa mkono wake.

Mradi wenyewe ulikuwa programu iitwayo Uwepo. Kompyuta isipoguswa kwa nusu saa, inajifunga na kutangaza kwenye skrini kubwa kwamba mwenyewe hayupo na nafasi yake iko wazi. Mwanzoni ilikuwa saa nzima. Gachau ndiye aliyeipunguza, kwa uzalendo.

Kuisambaza ilikuwa kazi ya Wangechi wa idara ya kompyuta. Alieleza kwamba hakuna haja ya mtu kwenda tawi la Ruiru na flashi. Angeandika skripti, yaani mistari michache ya amri, aitume kutoka hapo Thika, na kila mashine ya ofisi ijiwekee programu kimyakimya bila kumsumbua mtu.

Gachau hakulipenda hilo neno. Mradi wa umma ufanywe kimyakimya kama wizi wa kuku? Akaagiza hema, viti vya plastiki na vipaza sauti, na wafanyakazi wote wa Thika na Ruiru wahudhurie bila kukosa. Skripti ingesubiri mgeni wa heshima aje abonyeze kitufe.

Wangechi akauliza jambo moja tu. "Na mashine yako, sir? Niiruke?"

Gachau akaumia kweli. Alikumbuka matanga fulani ya Kiganjo, ambapo msema chochote alimruka kwenye utambulisho, ikabidi akohoe mpaka akaonekana.

"Mimi nirukwe?" akasema. "Niweke namba moja. Mkurugenzi harukwi."

Wangechi akamweka namba moja.

Siku ikafika. Bi Firdaus akabonyeza kitufe, mistari ikateremka kwenye skrini, na mashine zote zikaitika, Thika na Ruiru, mpaka watu wakapiga makofi. Gachau akashika kipaza sauti. Akaanza na itifaki, akaingia historia ya kivuli tangu enzi za wakoloni, kisha akaahidi kwamba mfumo huu haudanganyi wala haudanganyiki. Hilo alilirudia mara kadhaa, na kila mara lilimpendeza zaidi.

Nusu saa ilipita akiwa bado anahutubia, na ripoti ya kwanza ikatokea kwenye skrini. Tawi la Ruiru: wote wako kazini. Tawi lote la Ruiru lilikuwa limeketi safu ya tatu likila samosa, likiongozwa na meneja wake, Zacharia. Huko kwao, kila kipanya cha kompyuta kilifungwa kamba kwenye feni inayogeuza shingo, kikawa kinatembea mezani kwa adabu. Thika nao walikuwa wamepewa huo ujuzi. Bosi hakuambiwa, nani anamsumbua mkubwa na mambo madogo?

Kisha ukatokea mstari mmoja mwekundu. Kaimu Mkurugenzi: hayupo. Nafasi iko wazi.

Gachau akacheka kidogo, akasema hiyo ni hitilafu ndogo, kwani kila mtu anamwona amesimama pale.

"Kwa hivyo mfumo unadanganya?" Bi Firdaus akauliza.

Hema lote likaacha kutafuna. Gachau akisema unadanganya, mradi umeanguka na Kaimu atabaki Kaimu mpaka astaafu. Akamtazama Zacharia, na Zacharia akamtazama kwa huruma ya dhati.

"Haudanganyi, Madam," Gachau akasema.

Watu wakapiga makofi kuliko mwanzo, naye akakimbilia ofisini, Wangechi akimfuata. Koti lake lilikuwa kitini, limetulia. Kwenye mashine kulikuwa na sentensi moja: kufungua, pata idhini ya Mkurugenzi.

"Wangechi, nifungulie hii kitu."

"Ningekufungulia, sir," Wangechi akasema taratibu. "Lakini nani ata-approve? Hiyo nafasi iko wazi."

Nyuma yao mlango ukakwaruzwa. Bi Firdaus ni mtu wa kutimiza ahadi. Alikuwa anabandua KAIMU kwa ukucha, herufi moja moja. Alipomaliza akaliruka neno MKURUGENZI kwa heshima zote, akaanza na GACHAU.